Njia ya vumbi ya Kivu itafutiwe mwenyewe

Septemba 2025 Kigali ilifunga barabara zake kwa wiki nzima ili dunia ipite kwa baiskeli. Mashindano ya dunia ya mbio za barabarani yalikuwa hayajawahi kufika Afrika tangu yaanzishwe karne iliyopita. Yalipomalizika tarehe 28, Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa bingwa wa wanaume, Magdeleine Vallieres wa Kanada bingwa wa wanawake, na Rwanda ilikuwa imethibitisha kwamba inaweza kuandaa shughuli ya ukubwa huo. Vizuizi vikaondolewa, pikipiki za abiria zikarudi Kimihurura, na swali likabaki mezani: sifa hiyo sasa itamnufaisha nani, na wapi?

Jibu mojawapo liko mwendo wa saa tatu hivi kutoka mji mkuu, upande wa magharibi, ambako milima inashuka ghafla hadi Ziwa Kivu. Huko kuna Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayokatisha Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliitangaza miaka kumi na mitano hivi iliyopita kwa hesabu rahisi: siku kumi kwa anayetembea, siku tano kwa mwenye baiskeli. Jina lake limetokana na mgongo wa milima unaogawa maji ya nchi hii. Mvua inayoangukia mashariki ya mgongo huo inakwenda Nile. Inayoangukia magharibi inaingia Kivu, inatoka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika, na safari yake inaishia Mto Kongo. Mwendesha baiskeli hapati nafasi ya kuyawaza hayo. Anapanda kilima, anashuka hadi ufukweni, anapita kijiji cha wavuvi wa sambaza, anapanda tena, na mchezo ni huo huo mpaka jioni.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, maelezo machache yatasaidia. Kuna baiskeli ya lami, nyepesi, yenye tairi nyembamba. Kuna baiskeli ya milimani, yenye tairi nene na springi. Katikati ya hizo mbili imezaliwa baiskeli ya changarawe, ambayo usukani wake umepinda kama wa mbio lakini tairi zake ni pana vya kutosha kuhimili vumbi, mawe na mashimo. Imekuwa biashara kubwa Marekani na Ulaya, na wanaoinunua wana tatizo moja: barabara zao nyingi zimekwisha kuwekwa lami. Afrika Mashariki haijafika kwenye tatizo hilo.

Kenya iliifanyia kazi fursa hii mapema. Mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race ziliwaleta wageni kwenye vumbi la Maasai Mara washindane na vijana wa timu ya Amani. Wazo la waandaaji lilikuwa kwamba ikiwa waendeshaji wa ukanda huu wanakwamishwa na viza na nauli ya kwenda kushindana ng'ambo, basi washindani wa ng'ambo waje huku. Nahodha wa timu hiyo, Mkenya Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe za Vermont, Marekani. Wenzake wameendelea. Kwa upande wa Rwanda, tangu 2020 yapo mashindano ya Race Around Rwanda, kilomita 1,000 za kuzunguka nchi bila msaada wa gari wala fundi, nyingi zikiwa za vumbi. Nje ya mashindano wapo wasafiri wa kawaida, wawili wawili au kikundi cha watu sita, waliofunga mizigo kwenye fremu na ramani kwenye simu.

Hao wa mwisho ndio wanaostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ya namna wanavyotumia fedha zao. Mgeni wa sokwe analipa kibali cha dola 1,500, bei iliyopo tangu 2017, analala Musanze siku mbili tatu, anarudi uwanja wa ndege. Fedha hizo zinaingia hazina kwa mkupuo, na serikali inarudisha asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa wananchi wanaopakana nazo. Ilikuwa asilimia 5 mpango ulipoanza 2005. Ni mpango mzuri, lakini umefungwa kwenye mipaka ya hifadhi. Sekta iliyo jirani na Nyungwe au Gishwati inahesabiwa. Kijiji cha wavuvi kilicho mbali na msitu, chenye ziwa tu na migomba, hakimo.

Mwendesha baiskeli hanunui kibali. Analipa kidogo kidogo: chai na mandazi asubuhi, ndizi na maji ya chupa saa tano, viazi na mshikaki mchana, chumba usiku, fundi wa kuziba pancha, kijana wa kumvusha kwa mtumbwi mahali ambapo njia imekatika. Hawezi kubeba chakula cha siku tano, kwa hiyo lazima anunue anapofikia, na anafikia mahali ambapo basi la watalii halisimami. Kwa mizani ya taifa hizo ni senti, wala asijitokeze mtu kudai kwamba baiskeli itachukua nafasi ya sokwe. Ila senti hizo zinaingia moja kwa moja mfukoni mwa mwenye kibanda, bila kupita wizarani.

Ugumu unaanza pale lami inapotajwa. Katika muongo wa 2010 barabara ya lami ilijengwa kando ya ziwa, kutoka Rusizi hadi Rubavu. Safari iliyokuwa ikichukua siku nzima ya mitikisiko sasa ni ya saa chache. Sehemu ya njia ya zamani ya baiskeli, hasa kusini ya Karongi, ilifunikwa na lami hiyo, na wapo wageni waliolalamika kwamba Kivu imeharibiwa. Malalamiko hayo yasikilizwe kwa adabu, kisha yawekwe kando. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku anatakiwa kufika hospitali ya Kibogora au Mugonero kabla hakujapambazuka, na hakuna mandhari ya picha inayolingana na hilo. Mkulima wa Nyamasheke hana deni la kubaki kwenye tope ili mtu wa Brussels apate vumbi.

Hata hivyo, barabara moja ya lami haimalizi barabara zote. Kati yake na maji, na juu yake kuelekea mashamba ya chai ya Gisovu, umebaki mtandao wa njia za udongo ambazo magari ni machache na baiskeli ni nyingi. Kaskazini, kati ya Rubavu na Karongi, njia ya awali bado inapita karibu na ziwa, kwa Cyimbili na Kinunu, katikati ya mashamba ya kahawa, huku lami ikiwa mbali juu ya mlima. Kwa maneno mengine, lami imeyaondoa malori na mabasi kwenye njia za chini na kuziacha kwa wanaotembea na wanaokanyaga. Kwa mtalii wa changarawe hiyo ni neema, mradi kuwe na mtu wa kuzitunza na kumwonyesha zilipo.

Mtu huyo hayupo. Barabara kuu zina wakala wake wa kitaifa. Barabara za wilaya ni za wilaya. Utalii una bodi yake. Njia ya baiskeli inapita kwenye mamlaka zote hizo, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kwamba si yake. Matokeo yake, ramani iliyochorwa kabla ya lami haijapatana na ardhi ilivyo leo, na wageni wanaongozwa na faili za simu walizopeana wenyewe. Njia ambayo serikali ya nchi mwenyeji haijui inapita wapi mwaka huu ni vigumu kuitunza, na ni vigumu zaidi kuitoza chochote.

Adui wake mkubwa anajulikana. Barabara ya udongo kwenye miteremko ya Rutsiro haiuawi na magurudumu, inauawa na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Watu zaidi ya 130 walifariki, Rutsiro, Rubavu na Karongi zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana, na Mto Sebeya uliingia majumbani. Baada ya usiku kama ule, kuzungumzia starehe ya watalii ni utovu wa adabu. Lakini mtaro ulioziba ni ule ule, awe anayepita ni mtalii au ni mwanafunzi. Ukizibuliwa, maji yanakwenda yanakotakiwa kwenda. Usipozibuliwa, yanakata barabara katikati, na mara nyingine yanashuka na kipande cha shamba la mtu.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mingi. Inahitaji majembe, mawe, makalavati madogo na watu wanaojua kila kona ya kilima chao. Rwanda tayari ina mpango wa VUP, ambao tangu 2008 umekuwa ukizilipa kaya maskini kwa kazi za umma, na ina umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Hapa inafaa kuchora mstari. Umuganda ni wa jamii kwa ajili ya jamii. Si haki mwananchi azibue mtaro bure Jumamosi ili kampuni ya utalii ya Kigali ipitishe wateja wake Jumapili. Kampuni zinazouza safari za Kivu zichangie ada ndogo kwa kila mteja, ada hiyo iende kwenye mfuko wa wilaya husika, na mfuko huo uwalipe wanaoshika jembe. Msafiri wa kujitegemea naye alipe, kwa simu au kwenye nyumba ya kulala wageni ya kwanza. Mtu aliyesafirisha baiskeli ya maelfu ya dola kutoka Ulaya hatakimbizwa na ada ya bei ya chakula cha mchana.

Kanuni iwe moja: mwenyeji kwanza. Baiskeli za Kivu zilikuwepo kabla ya watalii, na kazi yao ni mizigo. Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli za milimani, alipotembelea Rwanda mwaka 2005 aliona hilo, na baadaye akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Sababu yake iko wazi kwa kila mkulima. Kahawa mbivu ikishachumwa inatakiwa ifike kituo cha kuoshea ndani ya saa chache, la sivyo ubora unashuka na bei inafuata. Mavuno yanaanza Machi na kuendelea wakati masika yamepamba moto, yaani wiki ambazo barabara ya udongo ni mbaya kuliko zote ndizo wiki ambazo mkulima anaihitaji kuliko zote. Vuguvugu hilo hilo la baiskeli ndilo lililozaa timu ya taifa ya leo na kumfikisha Adrien Niyonshuti kwenye Olimpiki ya London 2012, katika mbio za milimani. Mchezo na mzigo vilitokea kwenye njia moja. Mtaro ukizibuliwa Februari kwa fedha za watalii, mwenye kahawa ndiye atakayefaidi kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna pia suala la usalama ambalo vipeperushi vya utalii hulipita juu juu. Mgeni anateremka na breki za diski, kofia ngumu kichwani. Kwenye kona anakutana na kijana mwenye magunia mawili matatu ya viazi nyuma, ambaye breki yake ni soli ya kiatu. Wakigongana, mmoja ana bima. Vituo vinne au vitano vya ufundi kando ya njia, vyenye vipuri vya kawaida kabisa kama raba za breki, nyaya, mipira ya ndani na minyororo, vingemfaa mgeni mara moja kwa safari na vingemfaa mbeba mizigo kila wiki. Vijana wa kuviendesha wapo. Wanachokosa ni mtaji wa vipuri na mkopo wenye riba ya kubebeka. Ama watoto wanaokimbia nyuma ya mgeni wakiomba pesa na pipi, hilo halihitaji kamati. Waambiwe wageni wote, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba atakayetaka kusaidia aache mchango wake kwenye shule au kituo cha afya, asiutupe barabarani.

Yote haya ni ya upande mmoja wa ziwa. Kivu ina pande mbili, na huo wa pili ni wa Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Goma ni mji uliojengwa juu ya magurudumu mawili kiasi kwamba una sanamu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Njia ya baiskeli inayozunguka ziwa lote, Gisenyi, Goma, Bukavu, Kamembe, ingekuwa miongoni mwa safari za kipekee barani. Kwa sasa hiyo ni ndoto. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mwezi huo huo Tour du Rwanda ilipoanza, timu ya Soudal Quick-Step ya Ubelgiji ilikuwa imejitoa kwa hofu ya usalama, ingawa mbio zilifanyika ndani ya Rwanda. Hilo ni onyo kwa yeyote anayedhani utalii wa Rubavu unaweza kupangwa kana kwamba ng'ambo ya pili haipo. Mkataba wa amani kati ya Kigali na Kinshasa ulisainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025. Wenye mikokoteni na wachuuzi wa mpakani, ambao Kiswahili chao cha sokoni ni kimoja Gisenyi na Goma, Kamembe na Bukavu, ndio watakaoupima kwa kile wanachokiona kila asubuhi kwenye kizuizi. Kusini nako Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024.

Uko upande ambao hausubiri mtu. Kutoka Musanze kuna maziwa pacha ya Ruhondo na Burera, yaliyozuiwa na matope ya moto ya volkano Muhabura. Moja liko juu ya jingine kwa tofauti ya mita 100 hivi, na maji yanayoshuka kati yao yamekuwa yakizalisha umeme wa Ntaruka tangu 1959. Njia za vumbi zinayazunguka maziwa hayo na kukaribia mpaka wa Cyanika. Ukivuka uko Kisoro, Uganda, kisha Ziwa Mutanda, kisha Bunyonyi karibu na Kabale, na unaweza kurudi Rwanda kwa Gatuna, mpaka uliofunguliwa tena Januari 31, 2022 baada ya karibu miaka mitatu ya kufungwa. Ni mzunguko wa maziwa manne, nchi mbili, wiki moja ya kukanyaga. Viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 kwa siku 90, ipo tangu 2014 na ilibuniwa kwa ajili ya msafiri wa aina hii hasa. Kinachobaki ni Kigali na Kampala kuchora ramani moja, kukubaliana alama za vibao, na kuwafundisha waongozaji wanaoruhusiwa kufanya kazi pande zote mbili bila kukabidhiana wageni mpakani kama vifurushi.

Hilo lisingekuwa jambo geni. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, kwa vijana waliokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kusaini itifaki ya soko la pamoja. Baadaye pikipiki ilichukua kazi na ikarithi jina. Baiskeli ndiyo iliyotangulia kuvuka.

Kwa Kivu, hatua ya kwanza haihitaji mkutano wa kikanda. Tangu 2006 wilaya za Rwanda husaini imihigo, mikataba ya utendaji ambayo viongozi wake huulizwa hadharani mwisho wa mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi kila moja inaweza kuandika mstari mmoja: kilomita ngapi za njia ya baiskeli zilizo ndani ya mipaka yake zitapitika katikati ya Aprili, mvua ikiwa kubwa, na jina la afisa atakayeulizwa zisipopitika. RDB ichukue mistari hiyo mitano, iiunganishe kuwa ramani mpya, na vibao viwe vimesimama kabla ya mvua za Septemba.